Motokaa Iliyozimika Njiani, na Dereva Aliyehukumiwa

Mwenye motokaa ya zamani ni kama mwenye mgonjwa nyumbani: kila apitaye ana dawa ya kumpa, lakini wachache huuliza kwanza ugonjwa ulianza lini. Naandika habari hizi kwa sababu hapa kwetu Likombe kijana mmoja alipoteza kazi yake kwa ajili ya kifuniko cha tangi, nasi wazee tulioitwa kuamua hatukumfaa kitu.

Jirani yangu ana gari la Land Rover la petroli, la jamii ile iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Lake lilitengenezwa katika miaka ya 1970. Kazi yake ni kuchukua samaki Msimbati na kuwaleta mjini Mtwara, na mtu akiugua kule pwani, humpeleka hospitali ya Ligula. Basi gari hili likashikwa na tabia mbaya. Asubuhi huwaka bila taabu na kwenda vizuri. Kisha njiani huanza kukohoa, nguvu zikapungua, likazima. Ukilizungusha, haliwaki. Ukikaa chini ya mkorosho nusu saa, huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno.

Mafundi waliitwa. Wa kwanza alibadili plagi. Wa pili alibadili koili na kondensa. Wa tatu alileta pampu mpya ya petroli. Kila mmoja alilijaribu gari pale pale uani, likanguruma, akapokea fedha yake akaenda zake. Na kesho yake likazima tena njiani.

Tena lilikuwako jambo lililomtia shaka mwenye gari. Kila alipotoa fedha ya kujaza tangi, gari lilizima mapema. Petroli ilipokuwa kidogo, lilikwenda mbali zaidi. Akasema moyoni, "Dereva huyu hutia maji katika petroli, naye huuza ile aliyoipunguza." Akamwita mbele yetu wazee watatu. Kijana akajibu kwa adabu, "Mzee, sijachukua hata chupa moja. Petroli naitia mbele ya watu." Nami naliona neno la mwenye gari lina sura ya kweli, nikanyamaza. Kijana akaondolewa siku ile ile, naye ana mke na mtoto mchanga.

Hazikupita siku nyingi tukaletewa habari kwamba huko Msimbati mama mmoja ameshikwa na uchungu wa kuzaa, na hali yake si njema. Mwenye gari akajaza tangi kwa mkono wake, akashika usukani mwenyewe, nami nikafuatana naye. Wakati wa kwenda gari lilituzimikia mara moja. Wakati wa kurudi, kabla hatujafika Madimba, likazima tena, jua kali, na mama yule analalama nyuma, mkwewe amemshika mkono. Siku ile hapakuwa na dereva wa kushitakiwa. Mwenye gari alinitazama, nami nalimtazama, wala hapana aliyesema neno.

Ndipo tulipofanya lile ambalo ingetupasa kulifanya tangu mwanzo. Motokaa ya petroli ya namna hii hutaka vitu vitatu: hewa, petroli, na cheche ya moto kwa wakati wake. Tulianza na cheche. Tulifungua plagi moja, tukaiacha imefungwa katika waya wake, tukailaza juu ya chuma kitupu cha injini, mbali na petroli. Mwenzangu akapiga stata kidogo: cheche ya buluu ikaruka kwa mlio. Basi umeme ulikuwa mzima. Lakini plagi yenyewe ilikuwa kavu kabisa, nayo ilikuwa dalili kwamba petroli haifiki.

Tukafungua bomba la petroli mahali linapoingia katika kabureta, tukatia mdomo wake katika chupa, tukasukuma kile kijiti cha mkono kilicho chini ya pampu. Halikutoka hata tone. Nayo pampu ilikuwa mpya! Mwenye gari akasema, "Labda tangi linavuja." Akakata kijiti apime, akafungua kifuniko. Tukasikia sauti: fyuuu! Tangi likavuta pumzi kama mtu aliyekuwa amezama. Kijiti kikatoka kimelowa mpaka karibu na juu. Tukasukuma tena kile kijiti cha pampu, na petroli ikaja tele. Tukafunga bomba na plagi, tukapangusa, tukangoja mvuke uishe, tukapiga stata; gari likawaka. Tuliacha kifuniko kimelegea, wala halikuzima tena mpaka Ligula. Jioni ile mama alijifungua salama.

Sababu ni hii. Petroli ikitoka katika tangi, yapasa hewa iingie mahali pake. Kifuniko kilicho halali kina tundu dogo la kazi hiyo. Kifuniko cha asili kilipotea, na mwenye gari alinunua kingine cha gari la namna nyingine, kisicho na tundu. Basi pampu ilivuta, hewa ndani ikapungua, hata ikafika mahali pampu haikuweza tena. Gari likipumzika, hewa hupenya polepole pembeni mwa kifuniko, nalo huwaka. Na tangi likijaa, nafasi ya hewa ni ndogo, nayo hupungua nguvu upesi. Kwa hiyo gari lilizima mapema. Jambo lile lile lililomhukumu kijana ndilo lililokuwa shahidi wake, kama tungalijua kulisoma. Tena tulipohesabu majuma, tuliona ugonjwa ulianza juma lile lile kifuniko kilipobadilishwa.

Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa kopo lenye kifuniko cha kubana. Toboa tundu moja chini na moja juu, utie maji. Ziba tundu la juu kwa kidole: maji ya chini hukoma. Inua kidole: hutoka tena.

Lakini msidhani kila gari lizimalo njiani lina ugonjwa huu. Kondensa au koili iliyochoka hukata umeme ikipata joto, na ikipoa hupona. Dalili yake ni kwamba wakati gari limezima cheche haipo, au ni hafifu ya manjano. Petroli nayo yaweza kuchemka katika bomba lililo karibu na injini. Hapo cheche ipo, petroli haifiki, na tangi likifunguliwa halivuti hewa. Kitambaa kilicholowa maji juu ya bomba hulisaidia. Kwa hiyo gari lipimwe pale pale lilipozimia, kabla halijapona. Anayelipima uani asubuhi, likiwa zima, hupima kitu kingine.

Tena angalieni haya. Msipige stata kwa muda mrefu, maana mtaimaliza betri, mkawa na magonjwa mawili. Kwetu pwani hewa ya chumvi hula vichwa vya betri. Visafisheni kwa maji ya moto na magadi, mkivikausha vizuri. Mtu asivute tumbako wala kuleta taa ya moto karibu na petroli. Tena msibadili vitu viwili kwa mara moja, kwa kuwa hamtajua ni kipi kilichoponya.

Kesho yake twalikwenda nyumbani kwa yule kijana. Alituamkia, "Shikamooni," akatupa viti. Mwenye gari akamwambia, "Mwanangu, kosa lilikuwa langu. Kifuniko nalikinunua mimi." Akamlipa mshahara wa siku zote alizokaa bila kazi, akamwomba arudi. Kijana akapokea fedha, akasamehe, lakini hakurudi, maana alikwisha kuahidi kazi kwa mtu mwingine. Nami nalimwomba radhi, kwa kuwa nalikuwapo nikanyamaza. Akanijibu, "Mzee, wewe ungaliuliza neno moja tu, wangalikusikiliza."

Neno hilo ninalo mpaka leo.