Mchango, Utani na Kiti Chenye Namba: Safari za Wikendi za Wanachuo wa Dar es Salaam

Safari za mwisho wa juma ambazo wanachuo wa Dar es Salaam huzifanya kwa makundi ya marafiki zimezoeleka kiasi kwamba sekta ya utalii imeanza kuzihesabu kuwa ni zake, ingawa lugha ya sekta hiyo haitoshi kuzieleza. Katika lugha hiyo, mtalii wa ndani, yaani raia au mkazi anayetembelea vivutio vya nchi yake mwenyewe, ni mteja anayechagua huduma, kuilipia na kuitumia. Mwanachuo, kwa upande wake, mara nyingi hanunui kitu kwa jina lake, bali hujiunga na kundi, hutoa fedha aliyopangiwa, hukaa kwenye kiti kilichobaki na kula kilichopikwa kwa fedha ya wote. Makala haya yanashikilia kwamba umbo la safari hizi limetokana na taasisi mbili zenye umri mkubwa kuliko vyuo vyenyewe, ambazo ni mchango na utani, na kwamba ramani yake imechorwa na nauli kuliko ilivyochorwa na uzuri wa mahali.

Kalenda ya safari hizi hufuata fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, huwalipa wanufaika wake posho ya chakula na malazi ambayo vyuoni huitwa bumu, nayo hutolewa kwa mikupuo ambayo kila mmoja hukusudiwa kumfikisha mwanachuo takribani miezi miwili. Kwa sababu hiyo mifuko ya watu wengi hujaa siku moja na kukauka karibu siku moja, hali ambayo mchumi angeilaumu kwa kuchochea matumizi ya pupa, lakini ndiyo inayowawezesha vijana thelathini kutoka katika familia zenye vipato tofauti kukubaliana kiwango kimoja cha kuchangia. Wasio na mkopo, ambao hutegemea wazazi au biashara za bwenini kama vile kuuza mitumba na vitafunwa, hujipanga kwa kalenda ya wenzao, na wengine huanza kulipa kidogo kidogo wiki kadhaa kabla ili jina lao lisiachwe.

Mchango, kwa maana inayotumika hapa, ni fedha ambayo kila mhusika huitoa kwa shughuli ya pamoja chini ya mtu au kamati iliyokubaliwa, na Mtanzania huujua kabla hajafika chuoni, kwa kuwa ameshaona harusi, misiba na matibabu yakiendeshwa kwa njia hiyo. Kundi linalotaka kwenda Bagamoyo huunda, bila kufundishwa na mtu, kamati ile ile ambayo wazazi wao huiunda kwa ajili ya harusi: mwenyekiti, ambaye kwa kawaida ndiye aliyetoa wazo, mweka hazina, ambaye namba yake ya simu ndiyo inayopokea fedha, na mtu wa vyakula, ambaye hulaumiwa kwa lolote litakalotokea. Orodha ya majina hubandikwa kwenye kundi la WhatsApp, aliyelipa akiwekewa alama ya vema, aliyelipa nusu akiandikiwa kiasi kilichobaki, na aliyeahidi akiachwa wazi hadi Alhamisi jioni, wakati ambapo mwenye Kosta, yaani basi dogo la kukodi, hudai malipo ya awali. Orodha hiyo hunakiliwa na kubandikwa upya kila malipo yanapoingia, hata ikiwa kilichobadilika ni alama moja tu, na aibu ya jina lisilo na alama hufanya kazi ambayo barua ya kudai deni isingeiweza. Ugomvi mkubwa huwa juu ya jambo dogo kabisa: iwapo aliyetuma mchango wake ametuma pamoja na ya kutolea, yaani ada ambayo kampuni ya simu hukata mtu anapochukua taslimu kwa wakala. Asiyetuma ya kutolea humwachia mweka hazina hasara ndogo ambayo ikizidishwa kwa idadi ya watu hufikia bei ya mfuko wa mchele, na huonwa kuwa amekiuka adabu kuliko yule ambaye hakulipa kabisa.

Kwa kundi lenye fedha kidogo, bahari ndiyo iliyo karibu. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa mwaka 1975 kuwa maeneo tengefu ya bahari, yaani sehemu ambazo uvuvi na uchukuaji wa viumbe umezuiwa ili samaki na matumbawe vipate mahali pa kuzaliana, na Mbudya, kisiwa kisicho na kijiji ambacho boti hukifikia kutoka Kunduchi kwa muda mfupi, ndicho kinachopendwa na wanachuo wengi. Abiria huvua viatu, hukunja suruali na kuingia majini hadi magotini huku simu zikiwa zimeinuliwa juu ya vichwa, kisha hupanda boti mmoja mmoja kwa kushikwa mkono na baharia. Wakifika hukaa chini ya banda la makuti na kusubiri samaki wa kukaanga ambao bei yao hujadiliwa kwa muda mrefu kuliko wanavyoliwa. Jambo moja katika safari hizi halistahili kuchekewa. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini ambao hutawala pwani takribani kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka mchana, na bado jaketi okozi huvaliwa kwa ajili ya picha na kuvuliwa mara boti inapoondoka, kana kwamba nchi hii haijawahi kuzika abiria wa Skagit, meli iliyozama karibu na Chumbe ikielekea Zanzibar Julai 2012.

Bagamoyo, mji ulio umbali wa kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam, ni safari ya bei ya kati, kwa kuwa wasioweza kukodi gari hupanda daladala kutoka Makumbusho na kurudi jioni ile ile. Ratiba huwa haibadiliki: magofu ya Kaole, ambako kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 13 uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mbuyu ambao husemwa kwamba anayeuzunguka huongezewa miaka, kisha kanisa la misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa David Livingstone uliletwa mwaka 1874 baada ya kubebwa kutoka bara na wafuasi wake, wakiwamo Chuma na Susi, kisha ngome kongwe na ufukwe. Wageni husimuliwa habari za watumwa na za wamisionari, na ni haki wasimuliwe, lakini kundi la tatu lililoujenga mji huo hupitiwa haraka mno. Hao ni wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, ambao katika karne ya 19 walishuka pwani wakiwa wamebeba pembe za ndovu katika njia ya takribani kilomita 1,200 kutoka Ujiji kupitia Tabora. Wengi wao walikuwa vijana, walisafiri kwa makundi yenye viongozi wao, walikula chungu kimoja na waliimba ili mzigo upungue uzito, na mwanachuo anayepiga picha mbele ya jengo la Caravan Serai ana undugu nao wa karibu kuliko alio nao na mgonjwa wa Kiskoti aliyebebwa kwenye machela.

Undugu huo unaonekana wazi zaidi katika utani. Utani ni uhusiano kati ya makabila au koo ambao huwaruhusu wahusika kukejeliana, kunyang'anyana vitu vidogo na kuambiana maneno ambayo mtu mwingine angeyachukulia kuwa ni matusi, huku ukiwabebesha wajibu mzito wa kusaidiana katika shida na hasa katika mazishi. Vita vya zamani vilizaa sehemu yake, kama inavyosimuliwa kuhusu Wahehe na Wangoni, lakini misafara nayo ilizaa sehemu kubwa, kwa sababu kijana wa Unyamwezi aliyepita katika nchi ya Wazaramo alihitaji mahali pa kulala, maji ya kunywa na mtu wa kumzika endapo angefia njiani, na kejeli ilikuwa njia ya kumfanya mgeni awe mtu wa nyumbani bila ya kumdai ukoo. Katika Kosta ya wanachuo utani huo hufufuka kabla gari halijafika Tegeta: Mpare huambiwa kwamba amelipa mchango kwa sarafu na kwamba ameomba risiti, Mchaga huulizwa biashara atakayoifungua kwenye magofu, Msukuma huahidiwa mahari ya ng'ombe, na Mzaramo, ambaye yuko nyumbani kwao, hutakiwa awalipie wote kiingilio. Kijana aliyekaa kimya tangu mwaka wa kwanza hupata hapo mtu wa kumchokoza na, kwa hiyo, mtu wa kumwombea msamaha kwa mweka hazina.

Haja ya safari za namna hii imeongezeka kwa sababu ambazo hazihusiani na utalii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza Oktoba 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba na kuhamia Mlimani mwaka 1964, kilipokea vijana ambao dola ilikuwa imeshawasafirisha, kwa kuwa shule za bweni zilimpeleka mtoto wa Bukoba Tabora na wa Songea Moshi, na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) liliwachanganya tena makambini; wengine walivuka hata mipaka, kama wanaharakati wa Mlimani, Yoweri Museveni, rais wa baadaye wa Uganda, akiwa mmojawapo, ambao mwishoni mwa miaka ya 1960 walikwenda kujionea maeneo yaliyokombolewa na chama cha ukombozi cha FRELIMO kaskazini mwa Msumbiji. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 uliongeza shule za kata, ambazo wanafunzi wake wengi hutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, na ingawa kidato cha tano na cha sita bado huwapeleka vijana mbali, na mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yaliyositishwa mwaka 1994 yalirejeshwa mwaka 2013, wapo wanaofika Mlimani bila kuwahi kulala katika mkoa wa tatu. Kazi iliyofanywa na serikali kwa tiketi ya treni ya mwanafunzi sasa hufanywa, kwa sehemu, na mweka hazina mwenye umri wa miaka 21.

Wazazi hupewa habari za safari hizi kwa viwango tofauti. Mtoto wa kiume husema kwamba anakwenda Morogoro, ilhali wa kike, ambaye huulizwa maswali mengi zaidi juu ya atakayelala naye chumba kimoja, huenda akasema kwamba Jumamosi kuna majadiliano ya kikundi, jambo ambalo kwa kadiri fulani ni kweli. Njia inayomaliza mashaka ni kufikia kwao mmoja wa wasafiri, Kilakala au Bigwa mjini Morogoro, ambako mama mwenye nyumba huamkiwa shikamoo na watu kumi kwa pamoja na kuitikia marahaba moja ndefu inayowatosha wote, kisha huuliza majina ya wasichana mmoja mmoja na kuwaonyesha chumba chao kabla hajawatandikia wavulana sebuleni.

Morogoro yenyewe, iliyo chini ya milima ya Uluguru kiasi cha kilomita 190 kutoka Dar es Salaam, ilikuwa hadi juzi safari ya kulala, kwa kuwa basi lilitumia saa nyingi katika foleni za Kibaha na Chalinze. Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani mnyororo wa milima ya kale yenye misitu ambayo mimea na wanyama wake wengi hawapatikani penginepo, na maji ya mto Ruvu, ambayo mwanachuo wa Mabibo huoga na kuyalaumu yanapokatika, huanzia huko. Wanaopanda hufuata njia ya Choma na Morningside, ambako lipo jengo lililoachwa na Wajerumani, wakipita kwenye mashamba ya ndizi na mboga na kupishana na wanawake wa Kiluguru wanaoshuka na vikapu kichwani kwa mwendo ambao wageni hawauwezi hata wakiwa mikono mitupu. Wenye fedha zaidi huendelea hadi Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, ijapokuwa wasio nayo wamegundua kwamba barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati ya hifadhi hiyo, kwa hiyo abiria wa basi aliyekaa dirishani huwaona twiga, pundamilia na, akibahatika, tembo kwa nauli ile ile.

Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, imepunguza mwendo huo hadi chini ya saa mbili na kuifanya Morogoro kuwa safari ya kwenda na kurudi, lakini imeugusa pia mpango mzima ulioelezwa hapa. Tiketi hukatwa kwa jina la mtu na namba ya kitambulisho chake, kiti kina namba, na treni haimsubiri aliyesahau chaja bwenini kama dereva wa Kosta anavyoweza kubembelezwa. Sufuria la pilau, ambalo katika Kosta hukaa nyuma ya kiti cha mwisho, behewani huwa mzigo wa kuaibisha. Kwa mara ya kwanza mwanachuo husafiri kama yule mteja wa vitabu vya utalii, mmoja mmoja na kwa jina lake. Makundi yamejibu kwa kuongeza safu moja kwenye orodha ya mchango, ambamo kila jina sasa hufuatwa na namba ya kitambulisho, na mweka hazina huketi usiku akiwakatia wote tiketi kwa simu moja, akijitahidi kupata viti vya behewa moja kabla havijaisha. Na aliyetuma bila ya kutolea hupangiwa kiti cha peke yake, mbali na wenzake.