Kazi Isiyo na Hesabu: Mlinzi wa Safu katika Futiboli ya Kimarekani

Kila mchezo hutunza daftari la sifa zake, na katika futiboli ya Kimarekani daftari hilo ni pana kupita kiasi, maana huandikwa humo yadi alizokimbia kila mkimbiaji, pasi alizotupa kila mtupaji, mipira aliyodaka kila mdakaji, na hata mara ambazo mvamizi amemwangusha mtupaji kabla hajatupa; walakini kati ya watu kumi na mmoja wa timu yenye mpira wako watano ambao hawaandikwi humo karibu neno lolote, ila michezo waliyocheza na makosa waliyoadhibiwa. Hao ndio walinzi wa safu ya mashambulizi. Tunda la kazi yao ni jambo lisilotokea: mtupaji akisimama salama akatupa mpira wake, sifa ni ya mtupaji na ya mdakaji, na wao hawana cha kuhesabiwa. Hali yao yafanana na ya mlinzi wa usiku, ambaye mwenye nyumba hamkumbuki ila siku ya kuibiwa. Makala haya yakusudia kueleza kazi hiyo jinsi inavyoanza, inavyofanywa na inavyokoma, na kuonyesha kwamba ujira wake na maradhi yake, vyote viwili, vilikawia kutambuliwa kwa sababu moja, nayo ni kwamba hapakuwa na mtu aliyehesabu.

Asiyeuzoea mchezo huu na aelewe kwanza kwamba haukimbii mfululizo kama kandanda yetu, bali umekatwa katika mapambano mafupi, kila moja la sekunde chache, na baina ya moja na lingine watu husimama wakajipanga upya. Asili ya mpango huo ni kanuni iliyopitishwa mwaka 1880 kwa juhudi za Walter Camp wa Chuo Kikuu cha Yale, iliyoziweka timu mbili katika pande mbili za mstari mmoja na kuiachia mojawapo haki ya kuuanzisha mpira bila kugombewa. Juu ya mstari huo, katikati, huinama senta, anayeupeleka mpira nyuma kupitia baina ya miguu yake. Kuume na kushoto kwake husimama magadi wawili. Na nje ya magadi hao walinzi wa pembeni wawili, ambao aghalabu ndio warefu kuliko wote. Nyuma yao yuko kotabeki, mtupaji na kiongozi wa timu. Sheria za ligi kuu, yaani NFL, huwataka watano hao wavae namba za kati ya 50 na 79, huwanyima kwa kawaida ruhusa ya kudaka pasi ya mbele, huirudisha timu yao nyuma yadi 10 mmoja wao akimkumbatia au kumvuta mpinzani, na yadi 5 akitikisika kabla mpira haujaondoka. Hata hicho kidogo wanachoandikiwa, basi, ni dhambi zao.

Mlango wa kuingilia ajira hii ni mwili, na mwili huo umekuwa ukikua kizazi baada ya kizazi. Mike Webster, senta wa Pittsburgh Steelers aliyetwaa taji la Super Bowl, fainali ya ligi, mara nne katika misimu ya miaka ya 1970, alikuwa na uzito wa ratili 255 hivi, ndizo kilo 116. Jordan Mailata, anayelinda pembe ya kushoto ya Philadelphia Eagles hivi leo, anakaribia ratili 365, ndizo kilo 166. Kila mwaka vijana wanaotoka vyuo vikuu hukusanywa Indianapolis, wakapimwa urefu wa mikono na upana wa viganja, wakakimbizwa yadi 40, wakainua chuma cha ratili 225 mara nyingi kadiri wawezavyo, kisha timu 32 za ligi hugawana walio bora katika uteuzi wa duru saba. Mizani hiyo hupima kiwiliwili barabara, lakini hukosea mara nyingi juu ya yale yasiyopimika: Jason Kelce, aliyeonekana mdogo mno kuwa senta, aliachwa mwaka 2011 mpaka nafasi ya 191, naye akaishikilia kazi yake misimu 13 na kutajwa mara sita katika kikosi cha kwanza cha walio bora wa ligi nzima, na huyo Mailata, Mwaustralia mwenye asili ya Samoa aliyelelewa katika ragbi, alichaguliwa mwaka 2018 katika nafasi ya 233 hali hajapata kucheza hata pambano moja la futiboli ya Kimarekani. Kuchaguliwa nako si kuajiriwa. Orodha ya timu ni ya watu 53, hukatwa bila huruma kila kabla ya msimu, na asiyetimiza misimu mitatu iliyohesabiwa hutoka bila haki ya malipo ya uzeeni.

Atakayebaki hana budi kujifunza ufundi ambao mtazamaji wa kawaida huudhania kuwa ni kusukumana tu. Katika kulinda pasi, mlinzi wa pembeni huenda kinyumenyume kwa hatua fupi za kuteleza, magoti yamepinda na mgongo umenyooka, akimkabili mtu mwepesi kuliko yeye anayemjia kwa mbio za mbele. Akiutupa mguu wa nje mbali mno amemfungulia mvamizi njia ya ndani, na akiuchelewesha amemfungulia ya nje. Viganja vyake sharti vifike kifuani pa mpinzani kabla ya vya mpinzani kufika kifuani pake, kwa maana katika mkabala wa karibu aliyeinama zaidi na aliyeingiza mikono ndani ndiye mwenye nguvu, hata awe na uzito mdogo. Muda wa mtihani huu ni kama sekunde tatu, nao hurudiwa mara thelathini au zaidi katika mchezo mmoja. Faida yake moja ni kwamba yeye ajua mpira utaondoka lini, na adui hajui; faida ya pili aliipata mwaka 1978, ligi iliporuhusu walinzi wa pasi kunyoosha mikono na kufungua viganja, na tangu hapo pasi ikashika utawala wa mchezo, na kazi iliyokuwa ya mabega ikawa kazi ya mikono na nyayo.

Fauka ya hayo, ustadi wa mmoja haufai kitu bila mapatano ya watano. Kabla mpira haujaondoka senta huwatazama wapinzani, akakisia nani atakuja na nani atabaki, akawatangazia wenziwe kwa maneno ya siri nani amkabili nani. Wavamizi wawili wakibadilishana njia ghafula, walinzi wawili nao wapaswa kupokezana watu wao bila kugeuza macho. Ugenini, kelele za mashabiki zikizima sauti zote, gadi humgusa senta kwa mkono kumjulisha kwamba kotabeki yu tayari. Ndiyo maana watu wa kazi hii husifiwa kwa akili na subira kuliko kwa nguvu, na ndiyo maana wenye maarifa hudumu. Bruce Matthews alicheza misimu 19 katika timu moja iliyohama kutoka Houston hadi Tennessee, kuanzia 1983 hadi 2001, michezo 296, na katika muda huo alisimama katika nafasi zote tano za safu, jambo ambalo hata wataalamu wenzake huliona kuwa karibu na muujiza.

Ama juu ya ujira, kwa miongo mingi mlinzi wa safu alilipwa kwa kadiri alivyoonekana, yaani kidogo. Mageuzi yalimjia kwa upande asioutazamia. Mwaka 1981 New York Giants walimpata Lawrence Taylor, mvamizi ambaye kasi yake iliwatia hofu makotabeki wote. Mwaka uliofuata ligi ikaanza kuhesabu rasmi maangusho ya kotabeki. Na usiku wa tarehe 18 Novemba 1985, mbele ya watazamaji wa televisheni wa nchi nzima, Taylor alimwangusha Joe Theismann wa Washington, mguu ukavunjika mifupa yote miwili chini ya goti, na Theismann hakucheza tena maishani. Kwa kuwa makotabeki wengi hutupa kwa mkono wa kuume, upande wao wa kushoto huwa nyuma ya macho yao, na aliyesimama kuulinda upande huo akaanza kutazamwa kwa jicho jipya. Wachezaji walipopata uhuru wa kuhamia timu nyingine mwaka 1993, Will Wolford, aliyekuwa amemkabili Taylor katika Super Bowl ya Januari 1991, alitoka Buffalo akaenda Indianapolis kwa dola milioni 7.65 za miaka mitatu, pamoja na sharti kwamba hapana mtu wa upande wa mashambulizi wa timu hiyo atakayelipwa zaidi yake. Tangu siku hizo bei haikurudi chini: mwaka 2024 Penei Sewell wa Detroit, aliyekuwa mlinzi wa pembe ya kuume, aliandikiwa dola milioni 112 kwa miaka minne, katika mwaka ambao kijana mgeni wa ligi hakulipwa chini ya dola 795,000. Na itazamwe vema njia ambayo utajiri huo ulipitia: walinzi wenyewe hawakuhesabiwa hata siku ile, bali walihesabiwa wavamizi, na thamani ya mlinzi ikajulikana kwa kupimwa adui yake.

Hesabu iliyo ya mlinzi mwenyewe ilipatikana Cleveland, na kwa dhiki. Joe Thomas, aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2007 hali yu ndani ya mashua akivua samaki pamoja na baba yake katika Ziwa Michigan, aliingia katika timu ambayo katika michezo yake 167 ilishinda 48 na kushindwa 119, haikucheza mchujo hata mara moja, na ilibadilisha makotabeki kama abadilishavyo mtu nguo. Katika magofu hayo alisimama mahali pake pambano baada ya pambano, hakutoka hata kwa moja, mpaka tarehe 22 Oktoba 2017 msuli wa nyuma ya mkono ulipochanika mchezoni na Tennessee. Mapambano aliyoyakamilisha mfululizo yalikuwa 10,363. Idadi hiyo haisemi kama alishinda au alishindwa, wala kama alipiga vizuri au vibaya. Yasema tu kwamba alikuwapo, na kwa kazi hii kuwapo ndilo jambo la kwanza. Mwaka 2023, katika mwaka wake wa kwanza wa kustahili kufikiriwa, aliingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo lililoko Canton, Ohio.

Kuna hesabu nyingine iliyochelewa zaidi, nayo iliwagharimu watu roho zao. Mlinzi wa safu hapati sana dhoruba kubwa inayomzimisha mtu mbele ya umati. Yeye hupata dhoruba ndogo, kichwa kwa kichwa, karibu kila mpira unapoondoka, na kwa sababu haanguki hapana aandikaye. Webster alizipokea kwa misimu 17, akastaafu baada ya 1990, akili ikaanza kumpotea, mali ikamtoka, akafariki Septemba 2002 akiwa na umri wa miaka 50. Mwili wake ulifikishwa kwa Dakta Bennet Omalu, tabibu mzaliwa wa Nijeria aliyekuwa akichunguza maiti katika serikali ya wilaya huko Pittsburgh, naye alipotazama ubongo uliokuwa mzima kwa sura ya nje, akataka ukatwe vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini, akakuta ndani yake mabonge ya protini yanayoshuhudia uharibifu wa miaka mingi. Aliyatangaza hayo mwaka 2005 katika jarida la upasuaji wa neva. Madaktari wa kamati ya ligi wakayapinga. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikathibitisha haki ya warithi wa Webster kulipwa fidia ya ulemavu aliyoidai. Na mwaka 2015 hakimu akaidhinisha suluhu ya kesi ya madhara ya ubongo baina ya ligi na maelfu ya wachezaji wa zamani. Julai 2017 watafiti wa Boston walitoa habari kwamba kati ya bongo 111 za wachezaji wa NFL walizozichunguza, 110 zilikuwa na uharibifu kama ule wa Webster. Na japokuwa bongo hizo zilitolewa na jamaa waliokwisha kuwa na shaka, kwa hiyo haziwezi kuwasemea wachezaji wote, habari ilitosha kuwafikirisha wengi. Siku mbili baadaye John Urschel, gadi wa Baltimore aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu ya hisabati, alistaafu akiwa na umri wa miaka 26.

Wengine hutoka kwa taratibu zaidi, na kazi ya kwanza ya ustaafu wao ni kuubomoa mwili walioujenga, maana ulaji wa kupita kiasi uliokuwa sehemu ya ajira hugeuka kuwa adui wa moyo na magoti mara ajira ikikoma. Thomas alipunguza takriban ratili 50 katika miezi michache, na picha zake za sasa huwafanya waliomzoea waulize kama ni yeye.

Daftari rasmi halijabadilika sana hadi leo, ingawa ziko kampuni zinazotazama filamu za kila mchezo na kumpa kila mlinzi alama zake kwa kila pambano. Msomaji atakayebahatika kuutazama mchezo huu aweza kuandika daftari lake mwenyewe bila taabu: senta akiuondoa mpira, asiufuate kwa macho, bali awatazame hao watano kwa sekunde tatu, kisha ajiulize kama kotabeki alichagua mwenyewe pa kuupeleka mpira, au alichaguliwa na mvamizi. Akijibu swali hilo mara sitini, atakuwa ameujua mchezo kuliko wengi waliokesha wakihesabu pointi.