Samaki Mmoja Akioza

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hii tumeirithi kwa wazee, lakini siku hizi haitumiki sana sokoni kama inavyotumika viwanjani. Timu ikifungwa mabao manne na wanyonge wa ligi, jukwaani utasikia neno moja tu: "Wameuza!" Haulizwi aliyeuza ni nani, alimuuzia nani, wala kwa bei gani. Kipa ameoza, beki ameoza, refa ameoza, na kocha naye ameoza. Watu huenda zao nyumbani wakiamini kwamba kesi imekwisha.

Hayo nimeyasikia Mombasa, nikayasikia Nairobi, na hivi karibuni nimeyasikia Asembo Bay, katika nchi ya Siaya, ambako zamani meli za kutoka Kisumu zilikuwa zikitia nanga. Huku kandanda si jambo la kupitishia wakati. Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, ilipewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, ng'ambo ya pili ya ghuba, aliyesifika kwa maajabu yake. Wazee wangali wakihadithia mwaka 1987 kana kwamba ni jana, timu hiyo ilipotoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis, kisha sare ya 1-1 Nairobi, ikalitwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Zamani hizo timu ikifungwa pasipotarajiwa, lawama ilikuwa ni ya uganga. Leo lawama ni ya simu ya mkononi, kwani kwa simu hiyo hiyo watu hubeti, na kwa simu hiyo hiyo, yasemekana, mechi hununuliwa.

Basi ndugu msomaji, nilisimama ufukoni pale asubuhi moja nikimtazama mama mmoja akichambua ngege waliotoka kushushwa mtumbwini. Alimshika mmoja mmoja, akamfunua matamvua, akamtazama jicho, akambonyeza mnofu. Mzuri alimweka huku, mbaya akamtupa kule. Nikamtania, "Mama, hujui kwamba mmoja akioza wote wameoza?" Akacheka. "Mzee, ningeifuata methali yako watoto wangu wangelala njaa." Kisha akamgeukia mvuvi, akamhoji: huyu mbovu alivuliwa saa ngapi, barafu ilikuwa wapi, na ni nani aliyemwacha juani?

Maswali ya mama yule ndiyo ninayoyakosa katika hukumu nyingi za mpira wetu. Mama hakumsamehe samaki aliyeoza. Alimtupa. Lakini hakuwatupa wenziwe pamoja naye, wala hakumwacha aende zake yule aliyemwoza.

Tuyatazame yaliyotokea. Mwezi wa Februari 2020, FIFA iliwaadhibu wachezaji wanne kwa njama ya kupanga matokeo ya mechi za Kakamega Homeboyz katika Ligi Kuu ya Kenya. Mmoja alifungiwa maisha, watatu wakafungiwa miaka minne kila mmoja. Mwaka 2021 klabu ya Zoo ya Kericho iliondolewa kabisa katika Ligi Kuu kwa kosa la namna hiyo. Januari 2023 Shirikisho la Soka la Kenya liliwasimamisha kwa mpigo wachezaji 14 na makocha wawili ili uchunguzi ufanywe.

Sisemi kwamba hawa walionewa. Mwenye kuuza mechi ni mwizi. Amemwibia aliyelipa kiingilio, amemwibia mwenzake aliyetoka jasho dakika 90, na amemwibia mtoto aliyelala na jezi yake. Adhabu ni haki yake. Ninalouliza ni hili: je, mizani ni moja kwa wote?

Kuna beki mmoja wa zamani wa Harambee Stars ambaye mwaka 2019 FIFA ilimfungia miaka 10 na kumtoza faini ya faranga 15,000 za Uswisi, kwa kushirikiana na Wilson Raj Perumal katika mechi za timu ya taifa baina ya mwaka 2009 na 2011. Perumal ni mtu wa Singapore, mnunuzi wa mechi ambaye jina lake limevuma duniani kote. Yeye alikamatwa Finland mwaka 2011, na mahakama ya huko ikamhukumu kifungo cha miaka miwili. Muuzaji alinyang'anywa kazi yake kwa miaka 10, na mnunuzi akapewa miwili. Najua kufungiwa mpira si sawa na kufungwa jela, wala sheria zenyewe si moja. Lakini kijana wa kijijini akiyasikia hayo hesabu zake zitakuwa nyepesi: mkubwa hupita, mdogo hubaki wavuni. Na wavu unaokamata omena ukamwachia mbuta, mvuvi yeyote atakwambia una kasoro.

Kisa cha pili ni cha Samson Siasia, kocha wa zamani wa Nigeria. Yeye pia alitajwa katika mambo ya Perumal, na Agosti 2019 FIFA ikamfungia maisha na kumtoza faini. Siasia hakukubali. Alikwenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, iliyoko Lausanne, Uswisi. Mwezi wa Juni 2021 mahakama hiyo ilimwona ana hatia, walakin ikasema kumfungia maisha kulizidi kiasi, kwa kuwa lilikuwa kosa lake la kwanza na hakuwa yeye mwenye kuusukuma mpango. Maisha yakawa miaka mitano, na faini ikafutwa.

Hukumu ile inatufundisha jambo. Mtu anaweza kuwa na hatia, na bado adhabu yake ikawa dhuluma. Pili, rufaa ndiyo iliyomwokoa. Lakini Siasia alikuwa na jina. Mchezaji wetu wa daraja la pili ataifikiaje Lausanne, naye hana nauli ya kumfikisha Kisumu? Hapa nchini tunalo Baraza la Kusuluhisha Migogoro ya Michezo, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Ni jambo jema. Lakini haki iliyoko Nairobi, yenye kutaka wakili na makaratasi, kwa mtu asiyelipwa mshahara ni kama nyota: aiona, haishiki.

Na hapo ndipo tunapofikia jua lililomwoza samaki. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuipa SportPesa leseni mpya, na kampuni hiyo ikaondoa udhamini wake. Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki mikono mitupu, na wachezaji wakakaa miezi bila mshahara. Tazameni kinaya hicho: fedha za kamari ndizo zilizokuwa zikiwalisha vijana, na zilipokatika, aliyebaki mlangoni akiwa na noti mkononi alikuwa mcheza kamari mwingine, asiye na leseni wala jina.

Kijana mmoja aliyepata kucheza katika ligi za chini, ambaye sasa hutengeneza nyavu pale pale Asembo, alinisimulia yaliyomfika. Timu yake ilikuwa haijalipa kwa miezi mitatu. Usiku wa kuamkia mechi akapigiwa simu na mtu asiyemjua, akaombwa aruhusu mabao mawili kabla ya mapumziko. Akakata simu.

"Ulimwambia nani, mwanangu?" nikamuuliza.

"Nilimwambia kiongozi wetu mmoja, mzee. Akanijibu: nyamaza, usituharibie. Nikanyamaza."

Kijana yule hakupokea hata senti. Lakini kanuni za nidhamu za FIFA zinamtaka mchezaji atoe habari mara tu anapofuatwa na mnunuzi, na asiyetoa huadhibiwa, hata kama hakuuza kitu. Nilipomweleza hayo aliiacha sindano yake, akanitazama. Kanuni yenyewe si mbaya. Ubaya ni kumtaka mtu aseme, ilhali hukumpa wa kumsikiliza. Sheria inayomwadhibu bubu sharti kwanza imhakikishie sikio, tena sikio lisilokuwa la mwenye kumdhulumu mshahara.

Sisi tuliosoma chuoni, tukikaa juu ya mkeka mbele ya mwalimu, tulifundishwa mapema kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na kwamba kadhi haamui mpaka awasikilize wote wawili. Mafundisho hayo si ya Waislamu peke yao. Mzee wa Kijaluo chini ya mti wake huyajua, na hakimu mwenye wigi huyajua. Mbona basi tunayasahau tukifika uwanjani? Jina la mchezaji likishatangazwa kuwa amesimamishwa, mtaani amekwisha hukumiwa. Akija kusafishwa baadaye, habari hiyo huwa mistari miwili ndani ya gazeti, na sisi waandishi tunajua ni watu wangapi huisoma.

Naomba mambo matatu, wala si makubwa. Kwanza, kila mtu apimwe kwa kosa lake: aliyepanga, aliyepokea, na aliyenyamaza kwa hofu si watu wa daraja moja. Pili, klabu isiyolipa mishahara iulizwe kabla ya mchezaji wake kutupwa, kwani aliyemwacha samaki juani naye ana sehemu yake katika uvundo. Tatu, mnunuzi atafutwe kwa bidii ile ile anayotafutwa nayo muuzaji. Mimi ni mtu wa mashairi, na ubeti mmoja nimeutunga kwa ajili ya wenye kuketi katika kamati hizo:

Umpime kwa mizani, kila aliyetajika,
Asijetoka nyumbani, hukumu imeshafika,
Na mnunuzi sokoni, pia naye kumshika,
Ndipo haki uwanjani, itakuwa yatendeka.

Mpira utasafika siku kijana atakapopigiwa simu usiku, akawa anajua ampigie nani asubuhi, na akaamini kwamba kwa kusema kweli hatapoteza namba yake katika timu. Mpaka siku hiyo tutaendelea kutupa kapu zima la samaki, tukijisifu kwamba tumesafisha soko.