Hadithi za Redio Dhidi ya Unyanyapaa wa UKIMWI



Sisi wauguzi tunawafahamu wagonjwa wanaobandua karatasi kwenye kopo la dawa kabla ya kufika nyumbani. Wengine huiacha zahanati ya jirani wakapanda basi hadi wilaya nyingine, wasije wakaonekana. Siku nauli inapokosekana, dawa hukatika, na virusi hupata nguvu tena. Wagonjwa hawa si wazembe. Wanaogopa maneno ya watu.

Hofu hiyo inatokana na unyanyapaa, nao hauna kidonge. Hata semina peke yake haiuondoi. Watu husikiliza, hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani na kumtengea mgonjwa kikombe chake. Hadithi inayosikilizwa redioni, jioni, familia ikiwa pamoja, inaweza kufika pale semina isipofika.

Mkwaju na Tunu

Wasomaji wenye umri wanaukumbuka mchezo wa Twende na Wakati. Ulianza mwaka 1993 katika iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara. Alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake njiani, na mkewe Tunu. Mwishowe Mkwaju aliugua UKIMWI.

Mchezo huo ulifuata utaratibu ulioanzishwa na Miguel Sabido huko Mexico katika miaka ya 1970. Kuna mhusika mwema, kuna mbaya, na kuna anayeyumba katikati na kujifunza polepole. Wengi wetu tunajiona kwa huyo wa katikati.

Je, ulisaidia? Hadi mwaka 1995 kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili watafiti waweze kulinganisha. Katika mikoa iliyousikia, wasikilizaji wengi walieleza kuwa wamepunguza idadi ya wapenzi. Watu pia walizungumza zaidi juu ya UKIMWI na wenzi wao na marafiki.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mke asiyethubutu kumwuliza mumewe, "Ulilala wapi?" anaweza kusema, "Umemsikia Mkwaju jana?" Mazungumzo yanaanza na hakuna aliyenyoshewa kidole.

Hofu peke yake haitoshi

Hata hivyo, wakati ule dawa hazikuwepo, na hadithi nyingi za UKIMWI ziliishia kaburini. Watu walionywa, lakini wengine walibaki wakiamini kwamba kila mwenye virusi ni Mkwaju. Mke mwaminifu aliyeambukizwa na mumewe, na mtoto aliyezaliwa na virusi, wote walitiwa kapu moja na kuhukumiwa.

Kwa hiyo hadithi za leo zinahitaji mhusika mwingine: mtu mwenye virusi anayemeza dawa, analima, anaoa au kuolewa, analea watoto. Mtu huyo ni wa kweli. Nchini Tanzania dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Anayezimeza kila siku, na vipimo vikaendelea kuonyesha kuwa virusi havionekani damuni, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Mama anayefuata matibabu vizuri anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Na kikombe, sahani, choo au kupeana mkono havijapata kumwambukiza mtu.

Tusikilize pamoja

Familia au jumuiya ndogo ndogo inaweza kufanya hivi:

1. Chagueni kipindi kimoja cha hadithi za afya katika redio mnayoipata, mkisikilize pamoja, wazee na vijana.

2. Redio ikizimwa, ulizeni: Nani ameumizwa katika hadithi hii? Alihitaji nini kutoka kwa jirani zake? Sisi tungefanyaje?

3. Zungumzeni juu ya wahusika tu. Asitajwe mtu wa kijijini, wala asilazimishwe mtu kueleza hali yake.

4. Hadithi ikimfanya mwenye virusi kichekesho au mwenye laana, semeni wazi kwamba haisemi kweli. Ikiwezekana, waandikieni watangazaji.

5. Swali la dawa au vipimo lipelekeni kwa mhudumu wa afya.

Wazazi wakumbuke pia kijana aliyezaliwa na virusi. Huyu amemeza dawa tangu utotoni bila kosa lolote, na neno moja la dhihaka shuleni au nyumbani linaweza kumfanya azitupe. Tumeona vijana wa namna hiyo wakirudi wadini wakiwa wamedhoofika sana. Akisikia familia yake ikimtetea mhusika wa redioni mwenye hali kama yake, atajua kwamba naye atatetewa.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumnyanyapaa mwenye virusi na kutangaza siri ya majibu yake. Lakini mezani petu polisi hayupo. Hapo tupo sisi wenyewe, na kikombe ni kile kile cha wote.