Adabu za Nyumba (3): Mume, Karai na Macho ya Majirani

Juma lililopita tulieleza haki ya mke ya kulishwa, kuvishwa na kupewa makazi. Leo tunaingia jikoni na uani, mahali ambapo waume wengi hawapendi kuonekana. Je, mume akiosha vyombo, akafua nguo au akateka maji, amepungukiwa na nini katika dini yake?

Swali hili lina uzito wa pekee Dandora kwa sababu ya jinsi mtaa ulivyojengwa. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Baraza la Jiji la Nairobi lilipanga hapa viwanja 6,000. Mwenye kiwanja alikabidhiwa choo, bafu na maji, kisha vyumba akajijengea mwenyewe. Wengi walijenga vyumba vya kupangisha kuzunguka ua mmoja. Ndiyo maana hadi leo, kuanzia Phase One hadi Phase Five, utakuta familia kadha zikitumia bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Kazi ya nyumbani haina pa kujificha. Mwanamume akiinama juu ya karai, ploti nzima imemwona, na kabla ya magharibi watu watakuwa wamepata la kusema: huyo amekaliwa chapati.

Basi wapo waume ambao wangependa kushika kazi lakini wanaogopa maneno. Wapo pia wanaojitetea kwa dini na kusema kwamba Uislamu umempa mwanamume uongozi wa nyumba, na kiongozi haoshi sufuria. Tuanze na hawa wa pili, kwa kuwa wametaja dini.

Al-Aswad bin Yazid, mwanafunzi wa Masahaba, alimuuliza Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini anapokuwa nyumbani. Jibu lake, lililopokewa na Bukhari, ni kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika akitoka kwenda kusali. Riwaya nyingine zinataja kazi zenyewe: alishona nguo yake, alitengeneza viatu vyake, alikama mbuzi wake. Huyu alikuwa mkuu wa dola ya Madina, hakimu wake na amiri wa jeshi lake. Kama uongozi ungekuwa udhuru wa kutoshika kazi, yeye ndiye angestahili kuutumia.

Wala haya hayakuwa mambo ya gizani. Vyumba vya wakeze vilikuwa vidogo, vimeegemea msikiti, na watu waliingia na kutoka. Siku moja mke mmoja alishikwa na wivu, akaivunja sahani ya chakula mbele ya wageni. Mtume aliviokota vipande kwa mkono wake, akakikusanya chakula, akawaeleza wageni kwa upole kuwa ni wivu tu. Na waliporejea kutoka Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, alikaa kando ya ngamia akaweka goti lake ili Bibi Safiyya akanyage apande. Jeshi zima lilikuwa njiani. Ni mume gani leo anaweza kusema kwamba macho ya ploti yake ni mazito kuliko macho ya jeshi?

Hapa ndipo unyenyekevu unapopimwa. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume alikifafanua kiburi kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mtu anayesujudu mara nyingi kwa siku, kisha akaona karai la nguo za wanawe mwenyewe ni chini ya hadhi yake, ana jambo la kujiuliza. Chunguza tena uone kinachomzuia. Mara nyingi si uvivu. Kuna mume anayedeki chumba vizuri mlango ukiwa umefungwa, lakini hawezi kubeba mtungi wa lita 20 kutoka bombani mchana watu wakiwa wamekaa. Huyo haogopi kazi, anaogopa watu.

Sasa tuje kwenye fiqhi. Je, kupika na kufua ni wajibu wa mke kisheria? Wengi watashangaa kusikia kwamba katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wanayofuata Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, jibu ni hapana. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anaeleza katika Minhaj kwamba mume maskini anawajibika kumpa mkewe mudi moja ya nafaka kwa siku, wa kati mudi moja na nusu, na tajiri mudi mbili. Kisha anaongeza kwamba hata kusagwa kwa nafaka hiyo na kuokwa kwake mkate ni juu ya mume, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Na anapoisherehesha hadithi ya Bibi Asma binti Abubakar, aliyekuwa akimtunza farasi wa mumewe Zubair na kubeba kokwa za tende kichwani, Nawawi anasema kwamba yote hayo ni hisani ya mke, na kama angeyaacha asingepata dhambi.

Haki inatutaka tutaje na upande wa pili. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliona kwamba mke anawajibika kuhudumu kwa mujibu wa ada. Lakini Ibn Taymiyya mwenyewe anasema huduma hiyo hutofautiana kwa hali: ya mwanamke wa jangwani si kama ya mwanamke wa mjini, na ya mwenye nguvu si kama ya dhaifu. Basi itazame hali ya Dandora. Mke huondoka alfajiri kwenda Gikomba kununua mitumba, au hushinda akifulia watu nguo kwa kibarua, na jioni pesa yake inaingia katika kodi ya nyumba. Pesa hiyo ni mali yake. Zaynab, mke wa Ibn Masud, alipouliza kuhusu kutumia mali yake kwa mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea, aliambiwa ana thawabu mbili. Ada ya mke anayeshinda nyumbani haiwezi kutwishwa mke anayeshinda kazini, kisha tukaiita sheria.

Wengine watatuletea Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, na wasia wake kwa bintiye juu ya kumtumikia mume. Ni utungo mkubwa na tunauheshimu. Lakini Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na utendi wenyewe unataja watumwa wa nyumbani na kazi zao. Bintiye hakutarajiwa kubeba maji na kusaga. Kuuchukua wasia wa jumba lile na kumbebesha mama wa chumba kimoja, bila wale watumishi, ni kumdhulumu mama na kumsingizia mtunzi.

Kwamba mzigo hauko sawa si dhana. Utafiti wa matumizi ya muda wa mwaka 2021 wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) ulionyesha kwamba wanawake nchini Kenya hutumia kama mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na ulezi zisizo na malipo.

Tunashauri nini, basi? Wanandoa wakae wapange, bila kuhesabiana kijiko kwa kijiko. Anayefika nyumbani kwanza awashe jiko. Maji yakija usiku, kama yanavyofanya mara nyingi, mume ndiye aamke ajaze mitungi. Mume anayeshinda kwenye mjengo akirudi hoi, mke amhurumie. Na mke akirudi hoi, naye ahurumiwe vivyo hivyo. Mwezi wa Ramadhani, ambapo mama hufunga kama sisi na bado futari hutarajiwa mezani, kukatakata viazi si aibu kwa aliyefunga pamoja naye.

Na mume asidai sifa kwa hayo. Nyumba ni yake, watoto ni wake, na nguo anazozianika ni zake pia.

Juma lijalo, inshallah, tutaeleza kwa nini mtoto wa kiume afundishwe kupika na kufua tangu akiwa madrasa. Mpaka wakati huo, ndugu yangu mume, teka maji leo mchana, watu wakiona. Atakayecheka mwambie kwamba unafuata sunna.