Bando Limeisha? Tuma Faili kwa Simu ya Jirani, Lakini Angalia Inapotua

Jumapili jioni, kikao cha chama kinakaribia kuisha. Mweka hazina ana taarifa ya akaunti ya miezi sita kwenye simu, na katibu ana laptopu ya kuandikia ripoti. Wamekaa kiti kwa kiti. Bado faili inapandishwa WhatsApp, inazunguka hadi sava za ng'ambo, halafu inarudi kwa meza hiyo hiyo. Bando likikatika katikati, watu wanaanza kuombana hotspoti.

Sisi pia hapa ofisini tulikuwa hivyo hivyo. Kumbe vifaa viwili vikiwa kwenye waifai moja, vinaweza kupeana faili moja kwa moja kupitia ruta, bila kugusa intaneti. Hakuna waifai? Mmoja awashe hotspoti, mwingine ajiunge. Kwa simu nyingi za Android hotspoti inawaka hata data ikiwa imezimwa, kwa hivyo hata ukituma video nzima ya harusi, bando halipungui.

Android kwa Android, tumia Quick Share, ile iliyokuwa ikiitwa Nearby Share kabla ya 2024. iPhone kwa iPhone ni AirDrop. Shida ni pale chama kina Android, iPhone na laptopu ya Windows kwa meza moja. Hapo sisi hupenda LocalSend. Ni ya bure, haitaki akaunti wala nambari ya simu, na faili husafiri ikiwa imefungwa kwa usimbaji. Kila kifaa hupewa jina la kuchekesha la Kiingereza lenye tunda ndani yake, kama Nice Orange. Cheka, lakini mwambie mwenzako akusomee jina lililo kwa skrini yake kabla hujatuma.

LocalSend hutuma maandishi pia, na kwa mambo ya pesa hapa ndipo tunaona faida kubwa. Badala ya kusomeana nambari ndefu ya akaunti huku watoto wanapiga kelele, itume, mwenzako ainakili na kuibandika. Tarakimu moja ikikosewa, pesa zinaweza kuenda kwa mtu msiyemjua. Hata hivyo, jina la mpokeaji likitokea, lisome kabla ya kuweka PIN. Na PIN yenyewe haitumwi kwa mtu, kwa njia yoyote ile.

Vifaa vikikataa kuonana, usihangaike sana. Waifai ya wageni hotelini au kwa mkahawa mara nyingi imewekwa ili vifaa vya wateja visionane. Tumia hotspoti yako.

Sasa, tunachotaka ukumbuke zaidi ni hiki: njia ikiwa salama, faili bado inabaki pale ilipotua. Taarifa yako ya akaunti ina majina ya watu uliowatumia pesa, mshahara, kodi ya nyumba, na ule mkopo ambao hata mzee wa nyumbani hajui. Ukiituma kwa kompyuta ya saiba ili iprintiwe, itakaa kwenye folda ya Downloads hadi mtu aifute. Anayekaa kiti hicho baada yako anaweza kuifungua.

Angalia pia nani anaweza kukutumia vitu. Ukiacha Quick Share wazi kwa kila mtu, abiria usiyemjua ndani ya matatu anaweza kukuletea ombi la faili. Iweke kwa watu ulio nao kwenye simu tu. Kwa iPhone, AirDrop ya kila mtu hujifunga baada ya dakika 10.

Halafu kuna hii tabia ya kupeana programu. Tunaelewa, bando ni ghali. Mchezo wa karata, sawa, ni uamuzi wako. Lakini programu ya pesa usiipokee kutoka kwa simu ya mtu, hata kama ni binamu. Ya kughushi inaweza kufanana kabisa na yetu, na ikishapata PIN yako, shughuli imeisha. Ipakue kutoka Play Store au App Store.

Na ukiwa saiba, usilipe uondoke mara karatasi inapotoka. Mwambie mhudumu, kwa upole tu, afute faili na amwage pipa la takataka la kompyuta ukiwa umesimama hapo hapo.