Dawa ya Moto ni Moto

Wapo wanaodhani mji wetu uliitwa Moshi kwa sababu ya moshi wa gari la moshi. Nilipokuwa nafundisha shule ya msingi, kila mwaka alitokea mtoto wa kuniambia hivyo, na kila mwaka nilimjibu vilevile: Mangi Rindi, chifu ambaye wengine humwita Mandara, alitawala Moshi ya kule juu mlimani hadi alipofariki mwaka 1891. Reli kutoka Tanga ilifika huku chini mwaka 1911. Jina lilitangulia, treni ikalifuata. Mji mpya ukajengwa kandokando ya stesheni, na ule wa juu ukabaki kuitwa Old Moshi hadi leo.

Hata hivyo watoto wale sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nimelelewa na habari za moto na mvuke, maana babu yangu alikuwa faiamani.

Kwa watu wa reli, faiamani si mtu wa kuzima moto. Ni yule anayeuwasha na kuulisha. Babu alifanya kazi hiyo enzi ambazo injini za njia ya Tanga zilikula kuni, na kuni hizo zilipangwa marundo marundo stesheni kwa stesheni: Korogwe, Mombo, Same, Kahe. Njia nzima ni kilomita 352, na babu alikuwa akisema ameitupa yote ndani ya tanuri, gogo moja baada ya jingine. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu linalong'aa kama ngozi ya ngoma. Jioni, akishapata kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, alitufundisha kitu kimoja tu kuhusu injini: "Msitazame moto. Moto unajitangaza wenyewe. Tazameni kioo cha maji." Alimaanisha kile kijibomba cha kioo kinachoonyesha maji yamebaki kiasi gani ndani ya boila. Maji yakishuka mno huku moto unawaka, boila huweza kupasuka na kuua.

Bibi yangu, mke wa huyohuyo babu, alikuwa na hofu yake nyingine. Jua likianza kuzama alituita kutoka njiani. "Ingieni ndani, wajukuu zangu. Wazimamoto watawachukua." Tukimuuliza watatuchukua watufanye nini, alipunguza sauti: "Wananyonya damu." Kwa hiyo katika nyumba yetu aliyechochea moto alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na aliyeuzima alikuwa wa kukimbiwa. Nimekaa na fumbo hilo miaka mingi. Nilikuja kulielewa niliposoma habari za mashine za mvuke za kuzimia moto, ambazo babu angezijua kwa kuzitazama mara moja tu.

Kabla ya mashine hizo, miji mikubwa ya Ulaya na Marekani ilitumia pampu za mikono. Gari dogo lilikuwa na mti mrefu kila ubavu. Watu wakajipanga huku na huku, hawa wakishusha, wale wakipandisha. Pampu kubwa ilitaka watu 20, 30, hata zaidi, na kila baada ya dakika chache walilazimika kupokezana. London, wapita njia walioshika mti walilipwa senti kidogo pamoja na bia, na bia ikichelewa, mikono nayo ililegea. Mchagga wa huku kwetu mlimani haoni ajabu hapo. Nani amewahi kuita watu wakamlimie kihamba, yaani shamba la nyumbani, bila kuandaa mbege?

Mwaka 1829 mafundi wawili, John Braithwaite na John Ericsson, waliunda London mashine ya kuzimia moto inayoendeshwa kwa mvuke. Mwaka huohuo wawili hao walipeleka injini yao ya treni, iliyoitwa Novelty, kwenye mashindano ya injini za treni huko Rainhill, wakashindwa na Rocket ya akina Stephenson. Kwa hiyo treni ya babu na mashine ya zimamoto ni ndugu wa tumbo moja. Mwezi Februari 1830 ukumbi wa Argyll Rooms, London, uliwaka usiku wa baridi kali. Pampu za mikono ziliganda kwa barafu. Ile ya mvuke, yenye moto tumboni, haikuganda. Ilipiga maji saa tano mfululizo.

Ungetegemea watu wangeishangilia. Haikuwa hivyo. James Braidwood, aliyeongoza wazimamoto wa London tangu 1833, alikuwa mtu hodari na mwenye sifa, lakini kwa miaka mingi hakuitaka. Wakati huo mitaa ilikuwa myembamba, mashine nzito, na maji ya mabomba hayakutosha kuilisha. Braidwood alitaka watu wake waingie ndani ya nyumba, wakaribie chimbuko la moto, badala ya kusimama mbali na kumwaga maji mengi ovyo. Tarehe 22 Juni 1861 maghala ya Tooley Street, kando ya mto Thames, yalishika moto yakiwa yamejaa pamba, sukari, chai na mafuta ya wanyama. Ukuta ulimwangukia Braidwood akafa palepale, na moto ukaendelea kwa wiki mbili.

Mwaka 1863 mashine za mvuke kutoka viwanda mbalimbali zilikusanywa Crystal Palace, London, zishindanishwe mbele ya watu. Katika kundi la mashine kubwa ilishinda kampuni ya Merryweather kwa mashine yake iliyoitwa Sutherland, ambayo imehifadhiwa kwenye makumbusho. Mwaka 1866 jiji likaanzisha kikosi cha umma cha zimamoto.

Marekani walikuwa wametangulia. Mji wa Cincinnati ulichoshwa na vikundi vya kujitolea, ambavyo wakati mwingine vilipigana vyenyewe kwa vyenyewe huku nyumba ya mtu inateketea. Mafundi Abel Shawk na Alexander Latta wakaunda mashine ya mvuke iliyopewa jina la Uncle Joe Ross, na tarehe 1 Aprili 1853 mji ukaanza kuwa na wazimamoto wanaolipwa mshahara. Mashine moja ikachukua kazi ya mamia ya mikono, na waliobaki wakawa watu wenye ujuzi na wajibu, ambao wananchi wangeweza kuwadai kazi.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Ni boila iliyosimama wima, nyuma ya gari la magurudumu manne linalovutwa na farasi. Ndani ya boila mna vijibomba vingi vyembamba, na maji yake ni machache kwa makusudi, ili yachemke upesi. Ukitaka kujua siri yake, bandika sufuria ndogo na sufuria ya harusi kwenye mafiga mamoja uone ipi itatangulia. Mashine nzuri ilipata mvuke wa kutosha ndani ya dakika 10 hivi, na moto wake uliwashwa kengele ikilia, kabla gari halijatoka kituoni. Vituo vingine viliacha maji ya boila yakiwa moto mchana kutwa. Hatamu za farasi zilining'inizwa darini. Kengele ikilia, farasi waliofunzwa walikwenda wenyewe kusimama chini yake. Gari lilipofika kwenye tukio, mvuke ulisukuma pistoni, pistoni ikasukuma pampu. Juu ya pampu kulikuwa na chombo cha shaba kama chungu, kimejaa hewa. Kazi yake ni kupokea mipigo ya pampu na kuituliza, ili maji yasitoke kwa kurukaruka bali kwa mkondo mmoja. Na nyuma kabisa, kwenye kibao chembamba, alisimama mtu wa makaa, jicho kwenye kioo cha maji. Babu yangu kabisa!

Waswahili wanaposema dawa ya moto ni moto, kwa kawaida wanazungumzia ugomvi. Katika mashine hii methali ilitimia neno kwa neno: waliwasha moto ili wazime moto.

Enzi yake haikuwa ndefu. Mwaka 1904 Merryweather walipeleka Finchley, karibu na London, gari la zimamoto linalotumia petroli, lisilohitaji farasi wala kuchemsha chochote. Mji wa Moshi ulipoanza kujengwa stesheni, mashine za mvuke za kuzimia moto zilikuwa zimeshaanza kuagwa. Mvuke tulioujua sisi ni wa treni tu.

Tatizo moja, hata hivyo, petroli haikuliondoa, na sisi wa milimani ndilo letu hasa. Mpira wa kunyonyea maji hauyavuti kwa nguvu zake. Pampu huondoa hewa ndani ya mpira, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo una kikomo: pwani ni kama mita 10 kwa hesabu, na kwa kazi halisi ni mita 7 au 8. Kadiri unavyopanda mlima hewa inakuwa nyepesi, na kina hicho kinapungua. Sasa itazame mito yetu inayoshuka kutoka Kilimanjaro: imelala ndani ya makorongo, mbali chini ya barabara. Unaweza kuusikia mto unavuma huku nyumba inaungua, na gari bora kuliko yote likashindwa kuunyonya. Wazee wetu walilijua jambo hilo kwa njia yao. Walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, kutoka huko juu, wakayaongoza maji mgongoni mwa vilima, na palipo na bonde wakayavusha kwa magogo yaliyochongwa. Maji yaliletwa mlangoni, hayakufuatwa korongoni.

Mpira huo wa kunyonyea ndio ulionirudisha kwa bibi. Miaka ya tisini niliwapeleka wanafunzi wa darasa la nne kuona gari la zimamoto. Askari alikuwa mpole. Aliwaonyesha king'ora, ngazi, na nozeli ya shaba waliyoishika wawili wawili. Kisha akautoa mpira mnene, mgumu, wenye waya ndani ili usibonyee, na chujio mwishoni. Mvulana mmoja akarudi nyuma hadi akagusa sketi yangu. "Mwalimu," akaninong'oneza, "huu ndio unaonyonya?" Yule askari alisikia. Hakucheka. Akachutama, akamwekea chujio mkononi, akamwambia: "Unanyonya maji tu, kijana wangu. Tena ukikosa maji, haufai kitu."

Baadaye nilijua kwamba bibi hakuwa peke yake. Kuanzia Nairobi hadi Kampala, Mombasa hadi Dar es Salaam, wakati wa ukoloni watu waliamini kuwa wazimamoto, au mumiani, wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliwahoji wazee wengi akaandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo, kilichotoka mwaka 2000. Mimi naliona hivi. Hebu jiweke mahali pa bibi: gari jekundu, ndoo, mipira ya kunyonya, watu wa sare, na juu yao mzungu anayetoa amri. Kituo kinalindwa mjini, na nyumba yako ya nyasi ikiungua kule Old Moshi hawaji. Sasa kama hawaji kuzima moto, kazi yao ni nini? Swali lilikuwa la haki. Jibu ndilo lilipotea. Watu walimwogopa zimamoto kwa sababu hawakuwahi kumwona akiwazimia wao.

Babu, kinyume chake, watu waliiona kazi yake. Treni yake ilifika, ikashusha chumvi na mabati, ikapakia kahawa.

Mlima wenyewe umetuonyesha pande zote mbili: watu wanaouzima moto, na watu wanaouwasha. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, katika njia ya Marangu kati ya vibanda vya Mandara na Horombo. Huko si rahisi gari la zimamoto kufika. Mamia ya watu walipanda, wakiwamo wahifadhi na wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wakaupiga moto kwa matawi na kuukatia njia kwa majembe na mapanga. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, ukawaka tena karibu na kambi ya Karanga. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa misitu ya juu inayoteketea ndiyo inayokamata ukungu na kuugeuza maji, na kwamba hasara hiyo inatupunguzia maji kuliko kuyeyuka kwa barafu ya kilele cha Kibo. Mrina asali anayeacha kijinga chake kinafuka huko juu anachoma chanzo cha maji yaleyale tutakayoyalilia nyumba ikishika moto huku chini. Babu angesema mtu huyo ameacha kutazama kioo cha maji.

Tangu sheria ya mwaka 2007 tuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la nchi nzima. Magari ni ya dizeli na askari ni watoto wetu. Ila bado naona watu wanapiga picha kwanza, wanabeba magodoro, wanapiga kelele, na simu ya zimamoto inapigwa paa likiwa limeshaanguka. Halafu tunawazomea kwa kuchelewa.

Kwa hiyo, msomaji, ukiona moto piga 114. Taja kijiji, taja kanisa au msikiti wa jirani, taja mfongo au kisima ambacho gari linaweza kukifikia. Kisha mtume mtu asimame njia panda awaonyeshe.